Kikombe cha Samunge na Wakubwa Waliokinywa

Mwanzoni mwa 2011, barabara ya vumbi inayotoka Mto wa Mbu kupitia kandokando ya Ziwa Natron ilifurika magari. Mabasi, Landcruiser, malori, hata magari ya wagonjwa, yote yalielekea Samunge, kijiji cha Loliondo wilayani Ngorongoro. Machi, foleni ilitajwa kufika kilomita 26.

Huko aliishi Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), aliyejulikana nchi nzima kama Babu. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa mugariga. Mizizi yake ilichemshwa kwenye masufuria makubwa, maji yake yakamiminwa kwenye vikombe vya plastiki. Kikombe kimoja, shilingi 500, na lazima kitoke mkononi mwake. Aliahidi tiba ya UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na maradhi mengine sugu.

Watu hawakuwa wajinga. Mgonjwa aliyeambiwa atameza vidonge maisha yake yote, au aliyeuza shamba kulipia matibabu, akisikia tiba ya shilingi 500 atapanda gari. Bei ile ndogo yenyewe ilimfanya Babu aaminike: tapeli gani angetoza kidogo hivyo?

Lawama nzito ni ya wakubwa. Wataalamu wa afya walitaka huduma isimame hadi dawa ichunguzwe, lakini mawaziri na wabunge walikwenda Samunge, wakanywa, wakapigwa picha. Baada ya picha zile kutoka magazetini, daktari wa wilaya angemwambia nini mgonjwa wake? Serikali ikabaki kupanga foleni.

Wagonjwa mahututi walitolewa wodini na ndugu zao, wakalala siku kadhaa porini bila maji safi wala choo. Kufikia mwishoni mwa Machi, watu wapatao 52 walikuwa wameripotiwa kufa wakingoja zamu. Wengine walirudi nyumbani wakaacha dawa za UKIMWI (ARV), wakiamini wamepona. Vikombe vingine vikaibuka Tabora na Mbeya.

Baadaye foleni ilikatika, bila tamko wala maelezo. Babu alifariki Julai 2021. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa kwa vipimo kuwa kikombe kile kilimwondolea virusi vya UKIMWI. Viongozi waliokinywa mbele ya kamera bado wana deni la kulisema hilo mbele ya kamera hizo hizo.