Mlima ni wa bure, namba ya kifuani ni ya kulipia

Kiangazi cha mwaka 1974, huko California nchini Marekani, Gordy Ainsleigh alijipanga kwenye mstari wa kuanzia mashindano ya farasi akiwa hana farasi. Mashindano hayo, Tevis Cup, yalikuwa yakifanyika tangu mwaka 1955. Umbali ulikuwa maili 100, yaani kilomita 160 na ushei, kukatiza milima ya Sierra Nevada hadi mji wa Auburn, na farasi na mpandaji wake walitakiwa wafike ndani ya saa 24. Mwaka uliotangulia farasi wa Ainsleigh alianza kuchechemea njiani akaondolewa. Safari hii aliamua kuitegemea miguu yake mwenyewe. Alifika Auburn baada ya saa 23 na dakika 42.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, wanaume 14 walijaribu njia hiyohiyo kwa miguu na watatu tu wakaimaliza. Mmoja wa hao watatu alikuwa Ralph Paffenbarger, mtafiti mashuhuri wa uhusiano kati ya mazoezi na afya ya moyo. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa mashindano ya Western States. Leo yanapokea wakimbiaji 369 tu kwa mwaka, na kwa mbio za mwaka 2024 watu karibu 10,000 waliomba nafasi hizo.

Njia kwa sehemu kubwa ni ileile aliyopita Ainsleigh. Kilichobadilika ni watu na fedha. Ukitaka kuielewa historia ya mbio za milimani, kila hatua uliza maswali mawili: nani analipa, na nani anabeba mzigo?

Wachungaji na waongoza wageni

Kukimbia mlimani ni jambo la kale kuliko biashara yake. Katika karne ya 19, vijiji vya milimani kaskazini mwa Uingereza vilikuwa na sikukuu za michezo, na Grasmere ni kimojawapo. Wachungaji na waongoza wageni walishindana kupanda hadi kileleni na kurudi uwanjani, huku umati ukiwatazama na wengine wakiwawekea dau. Mshindi aliondoka na zawadi ya fedha. Ulikuwa mchezo wa watu wa kazi, kwenye mlima waliouishi kila siku.

Mwaka 1932, Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni katika mji wa Keswick, alizunguka vilele 42 ndani ya saa 24 akiwa amevaa raba za tenisi. Hadi leo wapo wanaoirudia safari hiyo. Anayetaka aandikwe kwenye orodha ya waliofaulu huhitaji mashahidi wa kuthibitisha kwamba alikanyaga kila kilele. Hakuna jukwaa wala uzio.

Mwaka uleule wa Ainsleigh, 1974, Uswisi nayo ilianzisha mbio za Sierre-Zinal, kilomita 31 zenye kupanda zaidi ya meta 2,000. Mwasisi wake, Jean-Claude Pont, alifanya jambo lililokuja kuwa na uzito mkubwa. Aliwapa nafasi watu wa kawaida, waanze alfajiri mapema kabla ya mabingwa, waende kwa mwendo wao na wafike kijiji kilekile. Tangu hapo, mtu asiye na ndoto ya kushinda akawa sehemu halali ya mashindano.

Mtu wa mwisho ndiye mfadhili

Soka huishi kwa tiketi na haki za televisheni. Mbio za milimani hazina uwanja wala viti vya kuuza, na kwa miaka mingi hazikuwa na kamera pia. Fedha yake hutoka mfukoni mwa mkimbiaji mwenyewe. Katika mbio za Ultra-Trail du Mont-Blanc, maarufu kama UTMB, bingwa humaliza kwa saa 20 hivi, na wa mwisho anaruhusiwa hadi saa 46 na nusu. Anayefika usiku wa pili akiwa hoi, miguu imejaa malengelenge, ndiye mfano wa maelfu ya walipaji wanaoubeba mchezo huu. Mabingwa huvutia macho, lakini umati wa nyuma ndio unaolipa gharama.

UTMB ilianzishwa mwaka 2003 huko Chamonix, Ufaransa, na kundi la wapenzi wa mbio wakiongozwa na mume na mke, Michel na Catherine Poletti. Njia inauzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, kilomita 170 hivi, kwa kupanda jumla ya meta 10,000. Mwaka wa kwanza walianza watu takriban 700. Hali ya hewa ikachafuka, na waliokamilisha mzunguko mzima walikuwa 67 tu. Mshindi alikuwa Dawa Sherpa, mzaliwa wa Nepali, kwa saa 20 na dakika 5. Habari za wale 67 zilienea kuliko tangazo lolote. Baada ya miaka michache waombaji walizidi nafasi, ikabidi droo itumike.

Hapo ndipo uchumi wa mchezo ulipobadilika. Njia nyembamba ya mlimani haipanuliwi kama ukumbi. Ukiingiza watu wengi mno, udongo unamomonyoka na waokoaji wanazidiwa. Western States nayo imebanwa na sheria ya mwaka 1984 ya kulinda mapori ya California. Idadi ya 369 haikuwekwa kwa mapenzi ya waandaaji. Kwa hiyo nafasi ikawa bidhaa adimu, na bidhaa adimu hutafutiwa namna ya kuuzwa.

Mwaka 2021 familia ya UTMB iliingia ubia na Ironman, kampuni ya kuandaa mashindano ambayo mwaka mmoja kabla ilinunuliwa na Advance ya Marekani kwa dola milioni 730. Wakaunda msururu wa mashindano zaidi ya 40 katika mabara mbalimbali. Anayetaka kuingia kwenye droo ya Chamonix hukusanya kwanza alama ziitwazo mawe, na mawe hayo hupatikana kwa kukimbia mashindano ya msururu huohuo. Nyuma ya mawe hayo kuna ada ya ushiriki, nauli na kitanda cha hoteli. Mtu huweza kulipa miaka kadhaa kabla jina lake halijatoka, na huenda lisitoke kabisa.

Wapo waliokasirika. Mapema mwaka 2024 barua ya Kilian Jornet na Zach Miller, wawili kati ya wakimbiaji wakubwa wa mchezo huu, iliwataka wenzao waisusie UTMB. Mbio ziliendelea, na waombaji hawakupungua. Lakini hoja ya wakosoaji ilikuwa nzito: mchezo uliojengwa na vilabu vidogo vya vijijini ulikuwa unaelekea kuwa mali ya mwenye chapa.

Yaliyomo kwenye begi

Fungua begi la mkimbiaji wa UTMB uone biashara nyingine. Sheria inamtaka awe na koti la mvua lenye kofia, tochi ya kichwani pamoja na ya akiba, betri za ziada, filimbi, blanketi la dharura lenye ukubwa wa meta 1.4 kwa 2, chakula, maji yasiyopungua lita moja, na simu iliyo hewani. Anakaguliwa, na akikutwa na pungufu anaadhibiwa. Kila kifaa kina sababu, maana mlima unaua. Pia kila kifaa kina muuzaji.

Kampuni ya Hoka ilianzishwa mwaka 2009 na Wafaransa wawili, Nicolas Mermoud na Jean-Luc Diard, waliotaka raba yenye soli nene ya kuteremkia milima kwa kasi. Kampuni ya Deckers ya Marekani ikaja kuinunua. Katika mwaka wa fedha wa 2025 mauzo ya Hoka yalipita dola bilioni 2.2, na wengi wa wanaozivaa raba hizo wanatembelea lami ya mjini. Mlima umekuwa picha ya kuuzia viatu kwa watu wasiowahi kuukanyaga.

Sehemu moja ya mchezo huu haionekani kwenye hesabu za fedha, nayo ni watu wa kujitolea. Western States hutumia takriban 1,500 kwa wakimbiaji 369. Wanachemsha supu usiku wa manane, wanatibu malengelenge, wanaelekeza njia gizani. Wangelipwa ujira halali, ada ya ushiriki ingepanda mara kadhaa.

Faida ikitangulia na ulinzi ukafuata nyuma, gharama ni maisha ya watu. Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 zenye wakimbiaji 172 mkoani Gansu, China, mvua ya mawe na upepo wa baridi viliwakuta wengi wakiwa na nguo nyepesi mahali pa juu pasipofikika kwa gari. Walikufa 21. Zhu Keming, mchungaji wa kondoo aliyekuwa amejihifadhi pangoni, aliwaokoa sita kwa kuwaingiza humo na kuwawashia moto. Yule ambaye hakuwa kwenye bajeti ya mashindano ndiye aliyekuwa msaada wa karibu.

Upande wetu wa mlima

Afrika Mashariki imo ndani ya historia hii, ingawa mara nyingi imetajwa pembeni. Mwaka 2017 Mganda Victor Kiplangat na Mkenya Lucy Wambui Murigi walitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milimani huko Premana, Italia. Murigi akautetea mwaka uliofuata. Kiplangat alihamia kwenye lami, na mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Budapest. Uamuzi wake unaeleweka, kwa kuwa zawadi za mlimani ni ndogo. Western States haitoi fedha kabisa, hutoa bizimu ya mkanda. Mahali penye zawadi, tamaa nayo hufika: mwaka 2022 washindi wote wawili wa Sierre-Zinal, mwanamume na mwanamke, wote Wakenya, walifutiwa ushindi kwa sababu ya dawa zilizokatazwa.

Kilimanjaro nayo ina rekodi zake. Mwaka 2006 Simon Mtuy, mwongoza wageni mzaliwa wa mlima huo, aliupanda na kuushuka bila msaada kwa muda unaozidi kidogo saa 9. Mwaka 2010 Jornet alitumia saa 7 na dakika 14 akiwa na kikosi cha kumsaidia, na mwaka 2014 mkimbiaji mwingine, Karl Egloff, akashusha muda huo hadi saa 6 na dakika 42. Dunia inawajua zaidi hao wawili wa mwisho. Mtuy amejenga kampuni yake mwenyewe ya kuongoza wageni pale Moshi, na huendesha mbio za hatua kuuzunguka mlima, wageni wakipita vijijini siku baada ya siku. Hapo fedha ya mkimbiaji inamfikia mwenye mlima.

Kenya ina mfano wa Lewa, mbio zinazofanyika tangu mwaka 2000 kwenye barabara za vumbi ndani ya hifadhi ya vifaru, askari wa wanyamapori na helikopta wakilinda njia. Waandaaji, hifadhi ya Lewa na shirika la Tusk la Uingereza, walizianzisha ili kuchangisha fedha. Zinazokusanywa huenda kwenye uhifadhi, shule na zahanati, na zimefika hata maeneo ya mbali na Lewa. Mkimbiaji anajua tangu anapojiandikisha shilingi yake inakwenda wapi.

Milima tunayo: Meru, Elgon, Rwenzori, Usambara, Aberdare. Miguu tunayo, na vijiji vinavyojua kupokea wageni. Waandaaji watakuja, wengine kwa nia njema na wengine kwa kunusa faida. Halmashauri, mamlaka za hifadhi na vyama vya riadha visiishie kushangilia picha za vilele mitandaoni. Vidai mambo matatu kabla ya kibali kutolewa: mpango wa uokoaji uliokaguliwa, kikomo cha wakimbiaji kinacholindwa kisheria, na fungu la kijiji lililoandikwa kwenye mkataba. Na wewe unayelipa ada, uliza fungu hilo ni kiasi gani kabla hujatuma fedha. Anayelipa ndiye mwenye sauti, na katika mchezo huu anayelipa ni mkimbiaji.