Tanakali na Swali la Unasibu: Historia Fupi

Mzozo kuhusu uhusiano wa neno na maana yake ni mkongwe. Katika Cratylus, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato katika karne ya nne kabla ya Kristo, mzungumzaji mmoja anashikilia kuwa majina yana usahihi wa kimaumbile. Mwingine anasema kuwa ni makubaliano ya watu tu. Socrates anaihusisha sauti r na mwendo, l na ulaini. Kisha anatanabahi kwamba neno la Kigiriki lenye maana ya ugumu lina l ndani yake, na bado linaeleweka. Hana budi kuyapa mazoea nafasi yake.

Isimu ya karne ya 20 iliegemea upande wa makubaliano. Mihadhara ya Ferdinand de Saussure, iliyochapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, iliufanya unasibu wa ishara kuwa kanuni ya kwanza. Tanakali zilitajwa humo ili ziondolewe njiani: ni chache, hutofautiana baina ya lugha, na nyingine ni za bahati. Neno la Kifaransa fouet, yaani mjeledi, huweza kumgusa msikilizaji kama mchapo wenyewe, ilhali asili yake ni fagus ya Kilatini, ambalo ni jina la mti. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, ushahidi wake ulitoka Ulaya, ambako tanakali ni chache kweli.

Barani Afrika hali ilikuwa nyingine. Diedrich Westermann, katika sarufi yake ya Kiewe ya mwaka 1907, alikuta kitenzi kimoja cha kutembea kikifuatana na maneno mengi, kila moja likichora mwendo wa mtu wa aina yake: mnene, mfupi, mwenye haraka, mchovu. Aliyaita picha za sauti. Mwaka 1910 Lucien Lévy-Bruhl aliichukua orodha hiyo na kuifanya ushahidi kwamba jamii alizoziita duni hazina mazoea ya kufikiri kidhahania. Utajiri wa lugha uligeuzwa kuwa upungufu wa akili, na hukumu hiyo ilitolewa na mtu aliyeisoma lugha hiyo vitabuni tu.

Clement Doke alizirudishia tanakali heshima yake mwaka 1935. Katika istilahi zake za lugha za Kibantu alizitambua kuwa aina kamili ya neno, na akazipa uwanja mpana: namna, rangi, harufu, hali, kitendo.

Upana huu ndio unaopotea katika jina tanakali za sauti lililozoeleka nchini Kenya. Ni kweli kwamba chubwi ya majini, tapwi ya matopeni na tifu ya mchangani huiga mlio. Lakini nyeupe pe, nyeusi ti na nyekundu pyu zinaiga mlio gani? Weupe hauna sauti. Jii ya kunyamaza ni ajabu zaidi, kwani inaiga kukosekana kwa sauti. Mtetezi wa Saussure atadai kuwa pe na ti zingeweza kubadilishana nafasi bila hasara, na hapo ana haki yake. Asichoweza kukieleza ni kwa nini msemaji huirudia pe, au kuivuta jii, kadiri anavyotaka kuikoleza hali yenyewe. Hapo umbo linakwenda sambamba na maana.

Majaribio nayo yameutikisa unasibu. Mwaka 1961 R. Davis alichapisha matokeo ya jaribio lililofuata lile la Wolfgang Köhler la mwaka 1929. Watoto wa Tanganyika na wa Uingereza walionyeshwa michoro miwili, mmoja wa pembe kali, mwingine wa mviringo, wakapewa majina mawili: takete na uloomu. Pande zote mbili zilielekea kuupa mchoro wa pembe jina takete. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusu maelfu ya lugha ulionyesha kwamba neno la ulimi huelekea kuwa na l, na la pua kuwa na n. Kiswahili kinatii katika ulimi na kukaidi katika pua.

Ufanano haukomei kwenye sauti. Roman Jakobson, mwaka 1965, alionyesha kuwa mpangilio wa vitenzi vitatu mashuhuri vya Kaisari huakisi mfuatano wa matendo yenyewe. Kiswahili kina kiambishi maalumu cha kazi hiyo, -ka-: akaingia, akaketi, akala. Uradidi ni mkaidi zaidi. Chekacheka ni kucheka tena na tena, lakini kitambaa chekunduchekundu hakijafikia wekundu.

Shuleni, mambo haya yote hufunzwa kwa orodha ya kukariri, na pengo katika mtihani lina jibu moja. Mtambaji amwangushaye fisi majini kwa mlio alioubuni papo hapo huchekesha hadhira nzima. Mtahiniwa akiubuni wake, hupoteza alama.