Pedali Yako ya Oktavi Haijaharibika

Kuna swali ambalo wapiga besi hawaachi kuuliza, hasa vijana wa bendi za kanisani: "Nimenunua pedali ya oktavi ya mtumba. Noti za chini zinakoroma kama redio isiyoshika stesheni. Nimpelekee fundi abadilishe kapasita?" Jibu langu ni moja: subiri kwanza. Hiyo pedali ina historia, na ukiijua utajua ununue gani, uipigie wapi, na kama kweli kuna haja ya kuifungua.

Tuanze na maana. Ukiwahi kuimba kwaya unajua do ya chini na do ya juu. Ni noti ileile, ila moja iko chini ya nyingine. Umbali huo ndio oktavi. Kwa hesabu, kushuka oktavi moja ni kugawanya mtetemo kwa mbili. Waya wa A kwenye gita la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 55 kwa sekunde, yaani 55 Hz. Pedali ikiushusha unapata 27.5 Hz, na hiyo ndiyo noti ya mwisho kabisa kushoto mwa piano.

Sasa, watu wengi hudhani kifaa hiki kilibuniwa kwa ajili ya gita. Lakini kati ya vifaa vya kwanza kuuzwa vya aina hii kuna kimoja cha saksafoni. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Selmer ilitoa Varitone, mtambo ulioshika sauti ya saksafoni na kuiongezea, kati ya mambo mengine, oktavi ya chini. Wapiga jazz wa Marekani kama Sonny Stitt na Eddie Harris waliutumia.

Shika hapo kwanza. Saksafoni hutoa noti moja kwa wakati. Kwa hiyo saketi ilikuwa na kazi rahisi ya kuhesabu: mawimbi mawili yakiingia, linatoka moja. Ukitaka kushuka oktavi mbili, manne yanaingia na linatoka moja. Haijui muziki, inajua kuhesabu tu. Ukiipa noti mbili kwa pamoja mawimbi yanachanganyikana, hesabu inavurugika, na unasikia ule mkoromo.

Wapiga gita nao wakataka yao. Mwaka wa 1967 Jimi Hendrix alikuwa akitumia Octavia, kazi ya Mwingereza Roger Mayer, lakini hiyo hupandisha oktavi, haishushi. Miaka ya 1970 MXR wakatoa Blue Box, inayoshusha oktavi mbili ikiwa imefunikwa na sauti ya kukwaruza. Ni kali, lakini mpiga gita hupenda kodi, noti tatu nne kwa mpigo mmoja. Saketi ya kuhesabu na kodi haziwezani hata kidogo.

Besi ni hadithi nyingine. Mpiga besi, kama mpiga saksafoni, mara nyingi hupiga noti moja baada ya nyingine. Na wakati huohuo wapiga besi walikuwa na sababu ya kuhofia kazi yao. Sikiliza Flash Light ya Parliament: besi unayosikia si gita, ni Bernie Worrell kwenye Minimoog. Kinanda kilikuwa kimeingia mahali pao, na kilishuka chini kuliko waya zao nne. Mpiga besi alihitaji jibu.

Mwaka wa 1982 Boss ya Japani ikatoa OC-2. Pedali ndogo ya rangi ya kahawia, visu vitatu: sauti yako halisi, oktavi moja chini, oktavi mbili chini. Pino Palladino, mpiga besi kutoka Wales, akaichukua na kuiunganisha na besi isiyo na freti kwenye kazi zake na Paul Young. Sauti ikawa nene kama kinanda, lakini bado unasikia vidole vya mtu. Kwa maoni yangu hapo ndipo pedali ya oktavi ilipopata nyumba yake. Udhaifu uliomkera mpiga gita haukumsumbua mpiga besi.

Baadaye likaja wazo la "kuirekebisha". OC-2 ilisimamishwa mwaka wa 2003, nafasi yake ikachukuliwa na OC-3, ambayo iliongeza njia ya kushusha kodi nzima. Electro-Harmonix nao wakaleta POG, inayoshughulikia noti nyingi kwa usafi mkubwa. Ni maendeleo, sikatai. Lakini wapiga besi waliendelea kuzitafuta OC-2 za zamani. Na mwaka wa 2020, Boss ilipotoa OC-5, iliweka njia mbili: moja ya kodi, na nyingine ya kuiga ile sauti ya OC-2. Kampuni yenyewe imerudi kwa kile ilichokiacha. Wewe unaharakisha solda ya nini?

Turudi kwa ule mkoromo wa noti za chini. Waya wa E ukipigwa wazi ni 41 Hz. Gawanya kwa mbili: kama 20.6. Sikio la binadamu huanzia karibu 20, na spika nyingi za ukumbini hazifiki huko. Zaidi ya hayo, noti za chini kabisa za besi hubeba sauti nyingi za juu ndani yake, na saketi hukosea ikahesabu hizo. Kwa hiyo fundi abadilishe asibadilishe, unadai sauti ambayo hata ikitoka vizuri hakuna atakayeisikia. Panda juu ya shingo. Waya wa G ukipigwa wazi ni 98 Hz, oktavi yake ni 49, sawa na freti ya tatu ya waya wa E. Hapo ndipo pedali hii inaimba. Punguza toni, tumia pikapu ya karibu na shingo, piga noti moja safi, na weka pedali hii kabla ya zile za kukwaruza sauti.

Kapasita je? Kuna pedali zilizotengenezewa gita ambazo kweli hukata besi. Kapasita ya nanofaradi 10 ikikutana na rezista ya kiloomu 100 huanza kupunguza kila kitu chini ya 159 Hz, na besi yako ikiwa wazi iko yote chini ya hapo. Weka ya nanofaradi 100 na mpaka unashuka hadi kama 16 Hz. Hapo fundi ana kazi halali. Lakini hiyo hurudisha unene wa sauti tu. Haifundishi saketi kuhesabu.

Na kwa OC-2 za zamani, anza na umeme. Nyingi zilitengenezewa adapta ya Boss iitwayo ACA, yenye volti za juu kuliko adapta za kawaida za siku hizi. Ukichomeka ya volti 9 ya kawaida, taa hufifia na noti zinakatika. Weka betri mpya ya volti 9. Ikipona, ugonjwa ulikuwa adapta, na umeokoa pesa ya fundi pamoja na pedali ambayo haitengenezwi tena.

Uchaguzi basi ni huu. Unapiga kodi kwenye besi? Nunua inayoshughulikia noti nyingi. Unataka ile sauti nene ya kinanda, noti moja moja? Nunua inayohesabu, ya zamani au inayoiga ya zamani. Halafu kabla hujamlipa mtu aifungue, kaa nayo wiki moja kuanzia freti ya tano kwenda juu. Wengi mtagundua hakuna cha kurekebisha.