Kutoka Dengu hadi Numulitidi: Historia ya Uainishaji na Funzo kwa Istilahi za Kiswahili

Strabo aliandika kuwa kando ya piramidi za Misri palikuwa na vijiwe mfano wa dengu, vilivyosemwa kuwa mabaki ya chakula cha wajenzi. Kumbe ni visukuku vya foraminifera, viumbe wa baharini wenye seli moja na gamba la vyumba vingi. Mwaka 1801 Lamarck aliviita Nummulites, yaani visarafu. Mwaka 1826 d'Orbigny, akiongozwa na umbo la gamba, aliwaweka foraminifera katika kundi la pweza na ngisi. Dujardin aliwachunguza walio hai, na mwaka 1835 uainishaji huo ukaporomoka.

Familia hii, Nummulitidae, tunayo karibu. Miamba ya Eosini ya Kilwa na Lindi imehifadhi Nummulites, na jamaa zao Operculina na Heterostegina wangali hai katika Bahari ya Hindi. Mfasiri akiandika "mawe-sarafu", amewatoa hao walio hai.

Jambo hili linatuhusu hapa Kampala. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Vitabu vya sayansi havitakuwa mbali. Napendekeza "numulitidi", na sura ya sarafu ielezwe ndani ya fasili (ingawa "kisarafu" lapendeza zaidi masikioni). Ngeli nayo iamuliwe mapema: numulitidi aliye hai ni wa A-WA, kisukuku chake ni cha KI-VI.