Kilichobaki Baada ya Moto

Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, ametuachia habari za tajiri mmoja wa Roma, Marcus Crassus, aliyeuawa vitani mwaka 53 kabla ya Kristo. Roma ya siku hizo ilikuwa mji wa majumba mazito yaliyosongamana, na moto haukuwa jambo la ajabu. Crassus alijikusanyia watumwa waliojua kusanifu na kujenga hata wakapita 500. Nyumba iliposhika moto, yeye alifika na fedha. Aliinunua ile inayoungua pamoja na za jirani, ambazo wenyewe kwa hofu waliziachia kwa bei ndogo. Hivyo ndivyo, asema Plutarch, sehemu kubwa ya mji ilivyoangukia mikononi mwake.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ulafi, nami sina la kumtetea Crassus. Lakini tutazame alichokuwa akikinunua. Hakununua mkaa. Alinunua kiwanja pamoja na hofu ya mwenyewe. Mafundi alikuwa nao tayari. Kila anunuaye nyumba iliyoungua hufanya hesabu hiyo hiyo, hata akiwa mtu mwema: bei iko chini kwa kuwa muuzaji hana pa kulala. Je, mji waweza kuipanga biashara hii isimle mara ya pili yule aliyekwisha kuliwa na moto?

London ililazimika kujibu. Moto wa Septemba 1666 uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Wengi wa walioishi humo walikuwa wapangaji wa muda mrefu, na mikataba yao iliwataka waitengeneze nyumba na kulipa kodi, liwe liwalo. Basi mtu akajikuta anadaiwa kodi ya majivu, tena ajenge upya kwa gharama yake, hali mkataba umebakiza miaka michache. Nani angejenga? Mwenye ardhi naye alibaki na ardhi isiyoingiza kitu. Bunge likaunda Mahakama ya Moto, iliyoanza kukaa Februari 1667 katika Clifford's Inn. Majaji hawakulipwa, wala hawakufungwa na taratibu ndefu za mahakama nyingine. Waliziita pande zote, wakauliza ni nani aliye tayari kujenga. Mpangaji aliyekubali aliweza kuongezewa miaka na kupunguziwa kodi, na hasara ikagawanywa. Wakuu wa jiji waliwashukuru majaji hao kwa kumwajiri John Michael Wright awachore picha, heshima ambayo sidhani majaji wa kesi za nyumba huipata mara nyingi.

Wafanyabiashara pia walipata nafasi yao. Nicholas Barbon, daktari aliyegeuka mjenzi, alijenga mitaa mizima, na mwanzoni mwa miaka ya 1680 akafungua ofisi ya bima ya moto. Nyumba ya mbao ilitozwa mara mbili ya ile ya matofali. Fedha ikawafunza watu kwa lugha wanayoielewa.

Mambo haya niliyasoma kitambo kabla sijayakuta Majengo, Mombasa. Huku kwetu kuna desturi ya zamani kwamba nyumba ina mwenyewe na kiwanja kina mwenyewe. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi iliyo chini ya miguu yake. Dalali alituletea, mimi na binamu yangu, habari za nyumba ya vyumba sita iliyoungua. "Ukumbi mpana, wazee, na mama mwenyewe ana haraka," alisema. Hilo la haraka halikunipendeza.

Tulimkuta mama uani, chini ya kipande cha turubali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuona nyumba, au mmekuja kuona moto?"

Tulicheka kidogo, kisha akatueleza. Stakabadhi za miaka yote za kodi ya kiwanja zilikuwa ndani ya mkoba juu ya kabati, nazo ziliteketea. Mwenye kiwanja alikuwa ameanza kusema kwamba nyumba haipo tena, hivyo hana mpangaji. Tungemlipa mama bei ya dalali siku ile ile, tungekuwa tumenunua kuta peke yake.

Na kuta zenyewe zilihitaji kusomwa. Fundi alizigonga kwa nyundo moja baada ya moja, akisikiliza. Palipotoa sauti ya mtungi uliopasuka aliweka alama ya chokaa. Nguzo mbili za zege zilikuwa zimegeuka rangi kama ya waridi, dalili kwamba joto liliingia ndani, akaagiza zivunjwe. Plasta ilitolewa yote, kwa sababu harufu ya moshi haifichwi na rangi. Nyaya za umeme hakutaka hata kuziangalia; zote mpya. Mabati tuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Lakini kazi hiyo ilisubiri miezi minne, mpaka pande tatu zilipokaa kwenye jamvi moja mbele ya wazee wa mtaa. Mwenye kiwanja alikubali miaka kumi na tano kwa maandishi, na kodi ya zamani kwa mitatu ya kwanza. Mama alipata zaidi ya bei ya dalali, na chumba cha mbele cha kuishi bila kodi maisha yake. Binamu yangu alinung'unika, na hesabu yake ilikuwa sahihi: vyumba vitano vya kupangisha badala ya sita vinachelewesha sana fedha kurudi. Nilimwambia kwamba bila mama kututetea pale jamvini tusingekuwa na hata kimoja.

Sasa kila stakabadhi ya kiwanja hutolewa nakala tatu: moja kwa mwenye kiwanja, moja kwangu Kisauni, na moja kwa mama, ambaye huiweka kwa dada yake, mtaa wa pili.