Sake, Masisi, Walikale: barabara na vyakula vyake

Kwetu huku bahari hakuna. Pwani yetu ni ya ziwa Kivu, na mwenye kutoka Goma kwa gari ao kwa moto anaiachia Sake, karibu kilometa 25, pale barabara inapoanza kupanda milima ya Masisi.

Usipite Sake bila kula sambaza. Samaki huyu mdogo si mwenyeji: aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanatoka jioni na mataa, na sambaza wanafuata mwanga. Agiza za kukaanga, na limau na pilipili. Unakula mzima mzima, kichwa na yote.

Ukipanda Mushaki baridi inakuingia. Hapa ni majani na ngombe, na njo asili ya fromage ya Masisi, ile ambayo watu wa Kinshasa wanaita fromage ya Goma. Ufundi wake uliletwa na mapadri Wabelgiji, na ladha iko karibu na gouda ya Uholanzi. Maziwa yanapashwa moto, yanatiwa dawa ya kugandisha, yanakatwa-katwa, maji yanatolewa, kisha yanakandamizwa ndani ya kibao cha mviringo na kulowekwa katika maji ya chumvi. Baadaye inakaa juu ya mbao majuma kazaa. Haihitaji friji, na kwa milima isiyokuwa na umeme hiyo si jambo dogo: maziwa yanaharibika siku moja, fromage inangojea gari. Lakini inangojea ngombe pia. Kila mara vita inapofukuza wafugaji ao ngombe zinapoibiwa, vijumba vya fromage vinafungwa, na mkamuaji njo wa kwanza kukosa pesa ya masomo ya watoto.

Njiani utaona chukudu zikiteremka na viazi, makabichi na makala. Kwangu mimi hiyo ni sanaa ya kwetu kuliko sanamu nyingi za kuuzia wageni. Fundi anachonga mbao ngumu kwa panga na tezo, anavalisha gurudumu mpira, na kitu kinabeba mzigo ambao wanaume watatu wasingeuweza.

Masisi-centre iko karibu kilometa 80 kutoka Goma. Kuanzia Nyabiondo migomba inaongezeka, na kinywaji ni kasiksi. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, maji yake ndiyo mutobe, tamu, hata mtoto anakunywa. Ukichanganya na unga wa mtama uliokaangwa, baada ya siku mbili hivi imekuwa pombe. Lotoko nayo iko. Hiyo sikushauri ukiwa na safari mbele.

Baada ya Kashebere unaingia Walikale, joto na pori. Bugali inaachia kwanga na mchele nafasi, sombe inapikwa na mawese. Ukiletewa nyama ya pori, uliza ni mnyama gani: mbuga za Maiko na Kahuzi-Biega zinafika mpaka wilaya hii, na sokwe analindwa na sheria.

Walikale ina hazina moja ambayo wengi wetu hatuijui. Mwaka 1956 mzee Mnyanga, Candi Rureke, alisimulia hadithi ya Mwindo, mtoto aliyekataliwa na baba yake Shemwindo. Aliisimulia siku 12, akiimba na kucheza. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga, waliitoa kitabu mwaka 1969, na sasa inafundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani. Zamani msimuliaji hakualikwa mikono mitupu: wenyeji walimpa chakula na pombe ya ndizi, na wasikilizaji waliitikia nyimbo. Ukipata mzee anayeijua bado, na yeye akikubali, rekodi na simu yako.

Mwaka 2025 vita ilipita juu ya barabara hii hii: Sake na Goma mwezi wa kwanza, Walikale-centre mwezi wa tatu. Kwa hiyo kabla ya kutoka uliza madereva wa Sake asubuhi ile ile, si jana yake. Waulize pia juu ya mvua. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja matope yanaweza kukulaza njiani, na hapo kipande cha fromage na ndizi za kuchoma njo chakula chako cha usiku.