Dozi iliyotangulia kisu

Wengi tunaijua TB kwa kikohozi na makohozi yenye damu. Kuna njia nyingine ya kuua ambayo hata madaktari hukutana nayo kwa nadra. Vijidudu hujificha kwenye tezi zilizoegemea aota, mshipa mkuu utokao moyoni, kisha huula ukuta wake kutoka nje. Palipoliwa hutuna kama tyubu ya baiskeli inayochungulia kwenye tairi lililochanika. Pakipasuka, muda wa kumwokoa mtu ni mdogo mno.

Mwaka 1882, mwaka uleule Robert Koch alipotangaza Berlin kwamba amekigundua kijidudu cha TB, Mjerumani mwenzake Carl Weigert alieleza jinsi ugonjwa huo unavyoingia kwenye aota. Mwaka 1955 madaktari wawili wa London, Rob na Eastcott, walichapisha habari za mgonjwa waliyempasua uvimbe wa namna hiyo. Hadi leo dawa peke yake hazitoshi, wala kisu peke yake.

Sasa mfikirie mgonjwa wa Tingi, wilayani Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kwa mtu huyu, London ya 1955 haina msaada mkubwa.

Kinachomfaa kilianzia hapahapa nchini. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye aliambukizwa TB akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Nadhani mtu aliyewahi kuugua hivyo hahitaji kuambiwa kwa nini wagonjwa huacha dawa wakipata nafuu. Katika miaka ya themanini mpango ulileta dozi ya miezi minane: miwili ya kwanza mgonjwa alimeza vidonge, na kudungwa sindano, mbele ya mhudumu. Wengi walipona, na Shirika la Afya Duniani likauchukua utaratibu huo na kuusambaza kwingineko katika miaka ya tisini.

Siku hizi dozi ya kawaida ni miezi sita, bila malipo, na mgonjwa anaweza kuimezea nyumbani mbele ya ndugu aliyemchagua mwenyewe. Ikianza mapema, hukiua kijidudu kikiwa bado kwenye tezi, kabla hakijaugusa ukuta wa aota.